Apu ya baskeli ya ndani: kabla hujalipa, uliza neti ikikatika itakuwaje

Ndugu yetu mmoja wa Bamburi kaniandikia kwa herufi kubwa tupu. Alinunua treina ya baskeli, kile kifaa cha kufungia baskeli uendeshe ndani ya nyumba, kwa muuzaji wa mtandaoni, akaambiwa apu imo humo humo, bure, hulipi tena maisha, kumbe hiyo bure ni zile siku 14 za kujaribu ambazo Zwift, ndiyo apu yenyewe, inampa yeyote anayefungua akaunti, muuzaji hakutoa hata shilingi. Siku zikaisha apu ikadai kadi, na muuzaji akipigiwa simu hashiki. Dada mwengine wa Tudor, na apu tofauti kabisa, stima ilimkatikia akikaribia kilele na safari nzima ikapotea, haikubaki hata kilomita moja. Haya, hebu tuongee.

Sitawaambia ipi ina picha nzuri wala ipi ina barabara nyingi, hayo mtayaona YouTube. Na kwa nini ndani, siulizi pia, mtu aliyevuka daraja la Nyali asubuhi matatu huku tuktuk huku, ama aliyebanwa na matrela ya bandarini kule Changamwe, ashajua. Swali langu mimi ni moja, na wale wanaochambua apu hizi kule Uingereza hawalishughulikii: neti ikikatika katikati ya safari, apu inafanya nini?

Treina inaongea na simu au laptopu kwa Bluetooth, haihitaji intaneti. Intaneti kazi yake ni kukuingiza kwenye akaunti, kukuonyesha wenzako na kupeleka rekodi yako ukimaliza. Kwa hivyo waifai ikifa si lazima safari ife nayo, inategemea aliyeitengeneza apu aliwaza nini. Stima ni habari nyingine, treina nyingi za kisasa bila umeme ni chuma tu, ingawa treina ya Tacx Neo inajizalishia umeme wake unapokanyaga pedeli, sasa ukiwa na hiyo na laptopu yenye betri nzuri unaendelea tu, labda kukosa feni ndiko kutakushusha maana joto letu mwalijua.

Namba moja ni Zwift, na sifichi, naipenda. Neti ikikatika hufukuzwi, wenzako wanapotea barabarani unabaki peke yako Watopia, kile kisiwa cha kubuni cha Zwift, na mlima unaendelea kukukazia. Kwenye kompyuta inakuandikia rekodi huku unaendesha: ingia Documents, folda ya Zwift, kisha Activities, utaona faili inaitwa inProgressActivity.fit. Laptopu ikizimika ghafla nenda hapo KABLA hujafungua apu tena, likopi faili uliweke pembeni, ulipandishe mwenyewe Strava, ile apu ya kuweka rekodi za mazoezi. Dakika za mwisho mwisho zaweza kukosekana lakini jasho lako lipo. Ukiwa kwenye mashindano, hapo neti ikikatika matokeo sahau. Kuanza pia lazima neti iwepo, na apdeti zake zinakuja bila hodi na zinakula bando, kwa hivyo ifungue usiku, ijipakulie, asubuhi upande tu. Halafu watu ndio wako huku. Ubingwa wa dunia wa kwanza wa UCI, shirikisho la baskeli duniani, wa baskeli za mtandaoni, Desemba 2020, ulifanyika Watopia na upande wa wanawake akashinda Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Mwaka huo huo Jay Vine wa Australia akapata mkataba wa kulipwa kupitia Zwift Academy, shindano lao la kusaka vipaji, na 2022 akashinda hatua mbili za Vuelta, yale mashindano makubwa ya Uhispania. Na kama treina yako ni ile ya kizamani ya kubana gurudumu, ukiweka sensa ya spidi inakubali.

Ya pili Rouvy, ya Jamhuri ya Cheki. Hii unaendesha kwenye video za barabara za kweli, milima ya Ulaya unaiona ilivyo. Sasa video ni video, ukiivuta moja kwa moja kwenye neti ya kusuasua itagandaganda, lakini njia unaweza kuipakua mapema, na hilo ndilo limeipa nafasi hii. Pakua mahali penye waifai ya maana, usitumie bando la simu utalia.

TrainerRoad ni ya tatu, grafu tu na namba, hakuna mlima wala wenzako. Ya mtu mwenye mbio anazolenga na roho ngumu. Bei yake inaipita Zwift.

MyWhoosh, ya Abu Dhabi, ni bure kweli kweli na UCI waliipa ubingwa wa dunia kuanzia 2024. Faili lake ni la magigabaiti. Ijaribu, hulipi.

Sasa bei. Zwift ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi, 2024 wakaruka mpaka 19.99, yaani kwa dola ya shilingi 129 ni kama 2,580 na benki bado haijaweka mkono wake. Bei ni ya dola, mshahara ni wa shilingi, na wao wala hawana habari. Asiye na kadi ya benki atumie M-Pesa GlobalPay, na aweke tarehe ya kukatwa kwenye simu. Mwaka mzima usilipe kwanza, apu hizi hufa. Kampuni ya Wahoo waliinunua apu ya RGT 2022, wakaifunga 2023. FulGaz, apu nyingine, nayo imemezwa na Rouvy.

Na nyie mnaouza akaunti za kushea kwa shilingi mia tano, mnajua mnachouza? Zwift spidi ya mlimani inaihesabu kwa nguvu zako ukigawa kwa uzito ulioandikwa kwenye akaunti. Sasa mnunuzi kilo 90 anapanda Alpe du Zwift, mlima wa humo humo kwenye apu, kilomita 12 na kona 21, kwa uzito wa shemeji yako wa kilo 58, halafu anatutumia skrinshoti kwenye grupu ati amevunja rekodi.