Kuziba matusi na kuruka ukatili kwenye filamu: uzoefu wangu na Kodi

Kodi ni programu ya bure ya kuchezea filamu. Hapa Nairobi wengi wanaijua kupitia boksi za Android zinazouzwa Luthuli Avenue na mitaa ya karibu. Kuna kazi yake moja ambayo wauzaji hawaitaji: inaweza kusoma faili dogo la maandishi linaloiambia izime sauti wapi na iruke wapi. Naitumia kwa filamu za kutazamwa na familia nzima, na uamuzi wangu nautoa mapema. Kwa matusi, sijapata kitu bora. Kwa ukatili inawezekana, lakini utatoka jasho.

Kwanza, kwa nini kufuli za kawaida hazinitoshi. King'amuzi hufunga kipindi kwa kufuata alama ya umri ambayo kituo kinaituma pamoja na ratiba. Katika DVB, mfumo wa runinga ya dijitali tunaotumia, alama hiyo ni namba ambayo ukiiongezea 3 unapata umri: 13 maana yake miaka 16, na 15 maana yake miaka 18. Kituo kisipoituma, au kikituma sifuri, pini yako haina cha kufunga. Isitoshe, alama inabandikwa kwenye kipindi, haibandikwi kwenye vionjo vinavyopita katikati yake. Kanuni za utangazaji za Kenya zinazuia maudhui ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, ila kionjo cha sekunde thelathini cha filamu ya usiku kinaweza kupenya wakati watoto wako mezani, bunduki na yote. (Na kama pini bado ni ile ya kiwandani, 0000 au 1234, usijidanganye kuwa umefunga chochote.)

Netflix ina kufuli nzuri zaidi: unaingia kwenye akaunti kupitia kivinjari, unachagua wasifu, unaweka kikomo cha umri, na unaweza pia kuzuia filamu moja moja kwa jina. Lakini nayo ni ya kufunga au kuacha wazi. Madaraja ya bodi yetu ya filamu, yaani GE, PG, 16 na 18, yanakupa neno la jumla kuhusu filamu nzima. Filamu inaweza kupewa 16 kwa sababu ya matusi machache, na nyingine ikapewa 16 kwa mapigano ya saa nzima. Ile ya kwanza inaokoleka. Hapo ndipo Kodi inapoingia.

Faili lenyewe linaitwa EDL. Liandike kwa programu yoyote ya maandishi matupu, lipe jina lilelile la filamu, liishie na .edl, na uliweke kwenye folda moja na filamu. Kama filamu ni Safari.mkv, faili liwe Safari.edl. Windows ina tabia ya kuficha viambishi vya majina ya faili na kukuachia Safari.edl.txt bila wewe kujua. Faili la namna hiyo Kodi hailioni. Kila mstari una vitu vitatu: mwanzo, mwisho, na kitendo. Kwa mfano:

754.20 754.95 1

Hapo sauti inazimwa kuanzia sekunde ya 754.20 hadi 754.95. Kitendo 1 ni kuzima sauti, 0 ni kuruka kipande kizima. Unaweza pia kuandika saa, dakika na sekunde, 00:12:34.200, lakini tumia nukta. Faili za SRT, zile za manukuu (maandishi ya mazungumzo yanayopita chini ya skrini), hutumia mkato mbele ya milisekunde, na ukinakili kutoka huko bila kubadilisha, mstari hausomeki. Usiache muda wa mistari miwili uingiliane. Kodi husoma faili hili filamu inapoanza, kwa hiyo ukirekebisha kitu simamisha filamu na uianzishe upya.

Kuyapata matusi ni kazi nyepesi, kwa sababu manukuu yameshakufanyia nusu ya kazi. Fungua SRT, tafuta mzizi wa tusi badala ya neno zima ili upate na minyambuliko yake, kisha andika muda wa kila mstari. Kagua kwa macho. Ukitafuta hell, kila hello ya filamu itakuja mbio, na mtu anayebadilisha yote kwa mkupuo atapata filamu ambayo hakuna anayesalimiana. Manukuu hukaa kwenye skrini sekunde mbili hadi nne, wakati tusi lenyewe halifiki sekunde moja. Ukiziba mstari mzima unapoteza mazungumzo, na baada ya mara kumi mtazamaji hajui tena nani amemkosea nani. Mimi hufungua filamu kwenye Subtitle Edit, programu ya kuhariri manukuu ambayo inaonyesha mawimbi ya sauti, nikakaza mipaka: kama sehemu 15 za mia za sekunde kabla ya neno, na 10 baada yake. Ukikaza kuliko hapo, konsonanti ya kwanza inatoroka, na sikio la mtoto linajazia lililobaki bila taabu. Sipendi ule mlio wa "piii" wa runinga; unamwambia kila mtu hapa palikuwa na tusi. Kimya kifupi hupita bila wengi kukigundua.

Matatizo mengi ya kweli yanatokana na muda kutolingana. Filamu hiyohiyo huzunguka kwa kasi mbili, fremu (picha moja moja) 23.976 na fremu 25 kwa sekunde. Manukuu ya moja yakitumiwa kwenye nyingine yatakuwa sawa sekunde za mwanzo, kisha yateleze taratibu. Filamu ya dakika 100 ikifika mwisho yamepotea kwa zaidi ya dakika nne. Kama tofauti ni ileile mwanzo hadi mwisho, basi shida ni nembo ya studio iliyoongezwa au kukatwa, na hiyo inatibika kwa kujumlisha au kutoa sekunde zilezile kwenye kila mstari. Kwa hiyo linganisha sehemu mbili, neno la kwanza kabisa na neno la mwisho. Ukilinganisha moja tu hutajua ni ugonjwa upi.

Mtego mwingine: ukishaweka mistari ya kuruka, saa inayoonyeshwa na Kodi haihesabu vipande vilivyorukwa. Ukiisoma saa hiyo ili kuongeza alama mpya, kila alama itakosea kwa urefu wa vipande vilivyotangulia. Pima muda kwenye kichezaji kingine kama VLC, au kwa faili la EDL likiwa limeondolewa.

Ukatili ni habari nyingine, kwa sababu ngumi haina manukuu. Kitu kinachosaidia kidogo ni manukuu ya viziwi, yale yanayoandika sauti ndani ya mabano ya mraba: mlio wa risasi, mtu akipiga yowe, kioo kikivunjika. Tafuta mabano hayo utapata ramani ya awali. Baada ya hapo hakuna njia ya mkato. Lazima mtu mzima aitazame filamu yote kwanza, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Kata pale picha inapobadilika, usikate katikati ya tendo, na ikiwezekana chagua mahali ambapo muziki umetulia, la sivyo utasikia wimbo ukiruka. Pia video iliyobanwa ina fremu kamili chache; nyingine huhifadhi mabadiliko tu. Boksi likiruka huanza kusoma kutoka fremu kamili iliyotangulia, na kwa mipangilio ya kawaida ya x264, programu ya kubana video, hizo zinaweza kuachana hadi fremu 250, yaani sekunde 10 kwa kasi ya fremu 25. Boksi dhaifu litaganda kidogo kila likiruka. Ikiwa filamu inahitaji miruko zaidi ya kumi, mimi huiacha. Hadithi iliyokatwa hivyo inabaki na mifupa tu.

Muvi zilizosimuliwa, zile za mtindo wa DJ Afro, zina ugumu wake. Sauti ya msimulizi imelazwa juu ya ile ya asili, naye ana maneno yake ambayo hayamo kwenye manukuu yoyote. SRT ya Kiingereza itakuonyesha alichosema mwigizaji, sio alichoongeza msimulizi kwa Sheng. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi, kama Whisper, hukuandikia maneno pamoja na muda wake, lakini Sheng inazishinda mara nyingi. Kwa video za YouTube zenye maandishi ya kiotomatiki kuna bahati moja ya kuchekesha: mara nyingi tusi huwekewa kistari kitupu ndani ya mabano, [ __ ], kwa hiyo tafuta alama hiyo na umeshalipata.

Mambo ambayo Kodi haitakufanyia: EDL haifanyi kazi kwenye Netflix wala kwenye matangazo ya moja kwa moja, ni kwa faili lililo kwenye flashi, diski au mtandao wa nyumbani. Huko Marekani kuna huduma za kulipia zinazochuja filamu za mtandaoni, na sheria yao ya mwaka 2005 inaruhusu kuficha sehemu chache za filamu kwa matumizi ya nyumbani. Na usifikirie kwamba filamu uliyoichuja sebuleni imebadilika daraja. Ukitaka kuionyesha ukumbini au ndani ya matatu, ile 16 au 18 yake iko palepale.

La mwisho, EDL si kufuli. Filamu yenyewe haijaguswa, na mtoto akiifungua kwa VLC kwenye boksi hilohilo ataona na kusikia yote. Ondoa vichezaji vingine, weka kufuli kuu ya Kodi kwenye mipangilio ya wasifu, na kama flashi inatoka nyumbani kwenda kwa jirani, chomoa filamu kwanza. Faili za .edl zenyewe ziweke nakala mahali pengine. Hazifiki hata kilobaiti chache kila moja, lakini kuzitengeneza upya ni jioni nzima.