College Football Hall of Fame, Atlanta: nenda na majina mfukoni

Jumba hili la kuwaenzi magwiji wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo liko katikati ya Atlanta, ubavuni mwa Centennial Olympic Park. Lilifunguliwa Agosti 2014 baada ya kuhamishwa kutoka South Bend, Indiana. Kwa walioko upande wa Clarkston, mji wenye Wakongomani wengi, njia nyepesi ni treni ya MARTA, laini ya bluu kutoka Indian Creek, hadi kituo kilicho kando ya uwanja wa State Farm Arena. Hubadilishi treni wala hutafuti pa kuegesha gari.

Mlangoni unaandikisha timu yako na kupewa kadi ya shingoni yenye chipu. Mara helmeti ya chuo chako inawaka kwenye ukuta wenye helmeti zaidi ya 700. Usichague ovyo: skrini za ndani husoma kadi hiyo na kukuletea habari za chuo ulichotaja. Asiye na timu achukue chuo cha Georgia Tech, maana yuko mjini kwao. Hao ndio walioifunga Cumberland 222–0 mwaka 1916, wakifundishwa na John Heisman, yuleyule ambaye tuzo ya mchezaji bora wa vyuo imepewa jina lake.

Utamu wenyewe uko juu, kwenye ukumbi wa waliotunukiwa. Hapo unagusa kioo na kumtafuta mchezaji au kocha, na ndiyo sababu ya kwenda na majina. Anza na Herschel Walker wa Georgia: Januari 1, 1981, akiwa mwaka wa kwanza chuoni, bega lilichomoka mapema, akarudi uwanjani na kukimbia na mpira yadi 150, chuo cha Notre Dame wakalala 17–10. Kisha Barry Sanders wa Oklahoma State. Mwaka 1987 alikuwa akimsubiri Thurman Thomas kwenye benchi. 1988 akakimbia yadi 2,628 katika mechi 11. Wazee wa mchezo watakukumbusha kwamba siku hizo mechi za bowl, yaani za mwaliko baada ya msimu, hazikuhesabiwa kwenye takwimu, na kwenye Holiday Bowl ya msimu huo aliongeza 222.

Ukimtafuta Joe Montana, mrusha pasi mashuhuri wa Notre Dame, humpati. Sharti la mchezaji kuingia ni awe aliwahi kuwamo katika kikosi cha kwanza cha All-America, yaani wachezaji bora wa nchi wa msimu, kwenye mojawapo ya orodha zinazotambuliwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, naye hakuwahi. Hapa ndipo ninapolipunguzia jumba alama. Januari 1, 1979, Dallas ikiwa imegubikwa na barafu, Notre Dame walikuwa nyuma 34–12 dhidi ya Houston. Montana alikuwa vyumbani, joto la mwili limeshuka, akinyweshwa supu ya kuku. Akarudi, wakashinda 35–34, pasi ya mwisho ikidakwa saa ikiwa imeisha. Sharti hilo linazuia majina ya kubebana, sawa, lakini linapima kura za msimu na kuacha siku kama ile.

Chini kuna uwanja wa ndani wa yadi 45 wenye goli, ambapo mgeni anajaribu kupiga mpira kati ya nguzo. Uwanja huo hukodishwa kwa hafla, basi uliza kabla ya kukata tiketi. Vaa raba. Anayetoka kwenye soka ana faida: upigaji wa pembeni, kwa mgongo wa mguu, uliletwa na Pete Gogolak, mzaliwa wa Hungaria aliyechezea Cornell mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla yake walikuwa wakipiga kwa ncha ya kiatu. Ila ukiupiga katikati kama penalti, unatoka chini chini na haufiki kwenye mwamba. Guu la kusimamia liwe sambamba na mpira, si nyuma yake, na uupige chini kidogo ya tumbo lake, macho yakibaki palepale mpira uliposimama hadi mguu umepita.