Matandiko ya banda la bata wakati wa masika: mchanga au maranda ya mbao?
Hapa Lamu bata hawauawi na baridi, adui wao masika ni unyevu. Maranda napewa bure na fundi wa milango. Asubuhi nawakuta wamejizika humo, matumbo makavu. Lakini bata humwaga maji mengi kuliko anayokunywa. Siku ya pili yamelowa, harufu inachoma macho, na yakiota ukungu huwaharibu mapafu.

Mchanga hupitisha maji. Ukipiga reki kazi imekwisha. Ila ni mzito kubeba, na ule wa vilima vya kijiji cha Shela, hapa kisiwani, usiuguse, ndio unaotuwekea maji ya visima.

Kama ni kimoja tu, mchanga. Mimi naweka maranda wanapolala, mchanga chini ya karai la maji.