Wayback Machine baada ya mwaka mzima wa kuandika siasa: naipa nyota 4 na nusu

Nilipoanza kuandika uchambuzi wa siasa kila wiki nilidhani kazi itakuwa kwenye hoja, kumbe hoja hazikosekani, kazi ni kuonyesha kwamba mtu alisema kweli kile unachosema alisema. Sasa mwaka umetimia, na huduma iliyonivusha ni Wayback Machine ya Internet Archive, web.archive.org, naiandikia leo kwa sababu naona waandishi wengi wa siasa wanaijua kwa jina tu.

Kwa asiyeijua, Internet Archive ni shirika lisilo la faida, Brewster Kahle alilianzisha 1996, linahifadhi nakala za kurasa za intaneti, na tangu 2001 yeyote anaweza kuweka anwani ya ukurasa akaona ulivyokuwa zamani. Ni bure, wala akaunti haihitajiki.

Mimi nilifika pale kwa shida. Niliandika makala kuhusu ahadi iliyokuwa kwenye tovuti ya ofisi moja ya umma, nikanukuu sentensi neno kwa neno na linki nikaweka. Siku kama tisa baadaye msomaji akaniandikia, "ndugu yangu umetunga, hiyo sentensi haipo." Nikafungua, kweli haipo. Palipokuwa na "tutajenga" sasa pameandikwa "tunakusudia kujenga", hakuna taarifa ya masahihisho, na tarehe juu ya ukurasa ni ileile ya mwanzo! Nilikuwa na skrinshoti kwenye simu nikamtumia, akanijibu kwamba skrinshoti mtu yeyote anatengeneza kwa dakika mbili, na jamani hapo alikuwa na haki, mimi ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Siku mbili sikulala vizuri, maana kuitwa mwongo kwenye uandishi wa siasa ni kumalizwa, hata ukija kuandika ukweli mtupu kesho hakuna atakayekusikiliza.

Rafiki mmoja ndiye aliyeniambia hebu weka ile anwani Wayback. Nikaweka, kalenda ikafunguka, ina viduara viwili vya bluu, kimoja cha siku tatu kabla ya makala yangu. Nikabofya, na "tutajenga" hii hapa mbele yangu! Halafu kuna sehemu inaitwa Changes, unachagua nakala mbili zinakaa ubavu kwa ubavu, kilichofutwa kimepakwa njano na kilichoongezwa kimepakwa bluu. Nikamtumia yule msomaji linki peke yake bila neno. Aliniomba radhi, na mpaka leo hakuna anayenisoma kwa makini kama yeye.

Tangu hapo kabla sijaandika hata mstari mmoja nasevu kwanza. Kuna kisanduku kinaitwa Save Page Now, unapesti linki, unabofya, unasubiri, mara sekunde chache mara dakika kadhaa, kisha unapewa linki mpya yenye tarakimu 14 katikati: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Hizo tarakimu nazipenda mno kwa sababu si mimi niliyeziandika, shahidi wangu ni mtu wa tatu asiye na ugomvi na yeyote. Ila angalia, saa zake ni za UTC, yaani saa za kimataifa, kwa hiyo ukisevu saa nane usiku mahali palipotangulia UTC kwa saa tatu, nakala itasoma tarehe ya jana. Niliwahi kuandika tarehe kwa kunakili tu zile tarakimu nikalazimika kusahihisha makala.

Na mchezo wa kubadilisha neno moja ni wa zamani. Mei 2003 tovuti ya Ikulu ya Marekani ilitangaza kwamba mapigano Iraq yamekwisha, baadaye kichwa cha habari kikaongezewa neno kuonyesha kwamba yaliyokwisha ni mapigano "makubwa". Julai 17, 2014 ndege ya abiria ya Malaysia, MH17, ilipoangushwa mashariki mwa Ukraine, ukurasa wa VKontakte, mtandao wa kijamii wa Urusi, uliohusishwa na Igor Girkin, kamanda wa waasi walioiunga mkono Urusi, ulikuwa na posti ya kujisifu kwamba wamedungua ndege ya Antonov, posti ikafutwa, nakala ya Wayback ikabaki. Na hata pasipo mtu wa kuficha kitu, kurasa zinakufa tu zenyewe, utafiti wa 2024 wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, ulikuta asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo 2013 hazipatikani tena miaka kumi baadaye.

Mapungufu yapo. Kurasa za kuingia kwa nywila haizifikii, mitandao ya kijamii mingi inaisumbua, na video mara nyingi hazichezi kwenye nakala, na wanasiasa siku hizi wanasema mengi kwenye video kuliko kwenye maandishi. Pia mwenye tovuti anaweza kusababisha nakala zifichwe, 2013 chama cha Conservative cha Uingereza kiliondoa hotuba zake za miaka kumi kwenye tovuti yake na kupitia faili la robots.txt, linaloziambia programu zinazokusanya kurasa zisiguse nini, nakala za Wayback nazo zikatoweka, bahati maktaba ya taifa, British Library, ilikuwa na zake. Oktoba 2024 wadukuzi waliishambulia Internet Archive, ikazimika siku kadhaa, na barua pepe na nywila zilizosimbwa za akaunti kama milioni 31 zikavuja, ingawa nakala zenyewe zilisalimika. Kwa hiyo mimi kila ninachosevu kule natunza na PDF kwangu.

Lakini kilichonifanya niandike haya yote si zile mara ilizonisaidia kushinda ubishi. Miezi miwili iliyopita nilikuwa na makala tayari, ndefu, kali, kuhusu mwanasiasa mmoja aliyegeuka kauli kwenye suala la kodi, nilikuwa na uhakika kabisa kwa sababu kila mtu alikuwa anasema amegeuka. Nikaingia Wayback kutafuta kauli yake ya zamani ili niiweke juu kabisa ya makala. Nakala ya miaka sita nyuma, anasema vilevile. Ya miaka minne nyuma, vilevile, hadi mfano anaoutumia ni uleule. Nilirudia kusoma nikitafuta hata neno moja la kunipa nafasi, halikuwepo. Nikaifuta makala usiku uleule, na wiki hiyo sikutoa kitu, wasomaji wakaniuliza vipi nikawaeleza ilivyokuwa.

Nusu nyota niliyobakiza ni ya video.