The Newsroom: niliipenda mpaka ilipofika Uganda

Juzi nimeizima tena, palepale nilipoizima mara ya kwanza. Mtoto amejificha chini ya kitanda, nje bunduki zinalia, wenzake wameshapanda basi, na mimi tayari najua kwamba yeye hataliwahi. Ni The Newsroom, ile tamthilia ya televisheni ya Marekani, HBO, iliyoandikwa na Aaron Sorkin kuhusu chumba cha habari cha kituo cha televisheni, iliyoanza 2012 ikaisha 2014. Wengi mmeshaitazama zamani. Mimi nimechelewa, niliazimwa DVD na mwenzangu wa kazini aliyeniambia, "Dada, hawa ni sisi kabisa." Kwa episodi kumi na tatu nilimwona kasema kweli.

Kwanza niipe haki yake. Aliyewahi kufanya kazi ya habari hawezi kuitazama episodi ya nne ya msimu wa kwanza ametulia. Ni Januari 2011, mbunge Gabrielle Giffords amepigwa risasi Tucson, Arizona. NPR, redio ya huko Marekani, wameshatangaza kwamba amekufa, na vituo vingine vinawafuata. Mkubwa anaingia akifoka: wenzenu wote wameshasema, nyinyi mnangoja nini? Will McAvoy, mtangazaji wao, yuko hewani. Don, mtayarishaji, anajibu kwamba huyu ni mtu, na wa kutangaza kifo chake ni daktari, si taarifa ya habari. Basi, hawatangazi. Na kweli Giffords alikuwa hai.

Kipande hicho nilikirudisha mara tatu. Nimeshakaa redioni usiku, simu zinaita zote kwa pamoja, mhariri anauliza "wamekufa wangapi?" na kila mtu ana idadi yake aliyoiokota WhatsApp. Unajua ukiisoma ile idadi kuna nyumba itaanza kulia, na pengine inalia bure. Sikuwahi kuona mtu akiuonyesha woga ule kwenye tamthilia. Nililia, na siku ya pili nikawahadithia wanafunzi wetu wa mafunzo kazini badala ya kuwafundisha nilichopanga.

Sasa njooni Uganda. Nayo ni episodi ya nne, ya msimu wa pili. Maggie, kijana wa hapo chumba cha habari, anakwenda huko na Gary kutafuta habari, wanafikia kwenye kituo cha watoto yatima. Kuna mtoto anaitwa Daniel, anazishangaa nywele za Maggie kwa vile ni za dhahabu. Hambanduki. Maggie anamsomea kitabu, anamsomea tena. Usiku wanavamiwa na wezi wa mifugo. Watoto wanakimbizwa kwenye basi, wanahesabiwa, Daniel hayumo. Wanarudi, wanamtoa chini ya kitanda, Maggie anambeba mgongoni na kukimbia naye. Risasi inampata mtoto. Angekuwa hakubebwa, ingempata Maggie.

Halafu Maggie anarudi New York anakata nywele zake. Ndiyo habari yenyewe hiyo. Tangu mwanzo wa msimu tumekuwa tukionyeshwa zile nywele zilizokatwakatwa, ameketi mbele ya wakili, nasi tunajiuliza kapatwa na nini. Jibu lake ni Daniel. Kifo cha mtoto wa Uganda kimewekwa pale kujibu swali la nywele za Maggie!

Sikasiriki kwa sababu mtoto kafa. Watoto wanakufa, na mimi mwenyewe nimeshawasoma kwenye taarifa wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ninakasirika kwa sababu hawa ndio watu walionifunza, episodi ya nne ya mwaka wake, kwamba mtu ni mtu. Watu hao hao, msimu huo huo wa pili, wanashikwa na kosa kubwa la habari ya Genoa, jina la operesheni ya kijeshi: wamerusha kwamba jeshi la Marekani lilitumia gesi ya sarini, kumbe mtayarishaji wao Jerry Dantana ameyakata maneno ya jenerali mstaafu yakageuka maana. MacKenzie, mtayarishaji mkuu, anayagundua vipi? Nyuma ya jenerali kuna televisheni inaonyesha mpira wa kikapu, na sekunde za saa ya mchezo zinaruka. Sekunde! Kituo kizima kinayumba, wakubwa wanataka kujiuzulu, Leona, mkuu wa kampuni, anawakatalia. Kazi nzuri kabisa, sina neno. Lakini macho yanayoona sekunde zilizopotea nyuma ya jenerali, kwa nini hayakuona kwamba wale watoto waliobaki kwenye basi hawakutajwa walifika wapi? Nani alimzika Daniel? Sikusikia mtu akiuliza.

Na wale wavamizi je? Hawana sura wala sababu. Wizi wa mifugo upande ule una habari ndefu, muulizeni Mkaramoja, Mturkana au Mpokoti. Mwaka 1979 askari wa Idi Amin walipokimbia, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilibaki bila mwenyewe na Wakaramoja wakabeba bunduki. Mishale na mikuki ikawekwa kando, na tangu hapo ng'ombe mmoja akaanza kugharimu roho nyingi. Hilo lingetosha kwa msimu mzima kwa watu wanaojisifu kwamba wanaeleza mambo. Sorkin alihitaji risasi tu, na usiku, na vumbi.

Labda nazidisha. Niseme kwa nini limenichoma hivi.

Miaka kadhaa nyuma, wakati wa mafuriko ya Tana River, nilifanya kazi ya kuwatafsiria watu wa televisheni moja ya nje. Tulimkuta mama mmoja mtu mzima amesimama kwenye kilichobaki cha nyumba yake, anakamua leso. Anaikamua, anaitandaza kwenye ua, anaichukua, anaikamua tena, na haikuwa na maji tena. Alizungumza vizuri sana, bila kulia. Mwisho akanishika mkono akasema, "Mwanangu, jina langu waliandike sawasawa. Nina wanangu Mombasa, wakilisikia watajua niko hai." Nikamwandikia mwandishi jina lile kwa herufi kubwa kwenye daftari lake, majina matatu, nikamsomea, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Sitalitaja hapa kwa kuwa hapa sikumwomba ruhusa. Kule aliomba mwenyewe.

Ilipotoka, ilikuwa ni mikono yake tu ikikamua leso, na sauti ya yule mwandishi akieleza jinsi alivyolala vibaya na mbu. Akamwita mwanamke wa kijijini.

Kwa hiyo nilipomwona Daniel nilimwona yule mama. Na hapo, nikisema kweli, ndipo hasira yangu inapokosa pa kusimama. Maana Daniel angalau alipewa jina. Tulimwona uso, tulimwona akicheka kitabuni. Sorkin, aliyekuwa anabuni tu, alimpa mtoto wa kubuni kile ambacho waandishi wa kweli walimnyima mama wa kweli. Hilo lilinirudisha kwenye kochi baada ya kama wiki nikaendelea mpaka mwisho, na msimu wa tatu umenishika kuliko nilivyotaka. Nilikuwa tayari kuwaambia wote muitafute muitazame.

Kisha nikafika episodi ya mwisho kabisa. Charlie Skinner, mzee wa chumba cha habari, amekufa kwa moyo, na yote ni mazishi yake: kanisa, jamaa, kumbukumbu za siku alizowakusanya mmoja mmoja, hata wanaingia gereji wanapiga gita na kuimba pamoja na mjukuu wake. Ni nzuri. Ni nzuri mno. Sam Waterston, aliyemwigiza Charlie, anastahili. Nikalia, halafu katikati ya kulia nikakumbuka kwamba Daniel alipewa mkasi wa nywele, na machozi yakanikauka.

Basi sijui niipe nyota ngapi. Ukiwa mwandishi wa habari, itazame, na ile ya Giffords itazame mara mbili. Ukiwa na mtoto wa umri wa Daniel nyumbani, ukifika msimu wa pili episodi ya nne iruke. Au usiiruke, itazame, ila ujue.

DVD bado ninazo. Mwenzangu amezidai, nimemwambia bado. Jana aliniuliza nimekwama wapi, nikamwambia Uganda. Akashangaa: "Uganda? Kwani walifika Uganda?" Yeye ametazama yote, mara mbili.