Kitambaa cha kushonea mfuko wa kulala ufuoni Lamu: kipi cha kwanza, kipi cha mwisho

Mfuko wangu wa kwanza niliushona kwa turubai la buluu, lile la kufunikia saruji. Nikaenda kulala nao kwenye milima ya mchanga ya Shela, mbingu nyeupe pe, nyota zimejaa. Alfajiri natoka, kikoi kimeninata mapajani, matone yananidondoka puani. Mwenzangu akanitazama weee, kisha akauliza, "Bwana, umeoga na nguo?"

Mvua haikunyesha. Maji yale yalikuwa yangu mwenyewe. Mtu akilala hutoa mvuke usiku kucha, kwa pumzi na kwa ngozi. Turubai nalo, likiwa limetazamana na mbingu tupu, hupoteza joto lake hadi likawa baridi kuliko hewa. Mvuke ukiligusa, basi, ni matone. Ndiyo maana siku hizi nikishika kitambaa dukani najiuliza kwanza mvuke wangu utatokea wapi. Mvua nairudia baadaye.

Upande wa chini hauna mjadala: nailoni nzito yenye mpako wa kuzuia maji, au hata kipande cha turubai. Ninachopanga hapa ni cha juu.

Cha kwanza: chandarua na bitana. Chandarua kianzie kichwani mpaka kifuani, kiasi cha sentimita 80, kisha bitana ya polista ifunike miguu. Pumzi ndiyo mchokozi mkubwa, na hapa inatoka nje moja kwa moja bila kugusa kitambaa kizito. Chagua chandarua chenye matundu madogo sana. Cha kawaida kinazuia mbu, lakini usubi wa ufuoni unapita kama umealikwa. Na kisiwe kile kilichotiwa dawa, maana kitakulalia usoni usiku mzima. Mwambie fundi akushonee kipande cha nailoni cha kukunja juu ya chandarua, ukivute mvua ikija. Miezi ya masika kipande hicho ndicho kitakachokuokoa. Wakati wa kaskazi utakisahau.

Cha pili: bitana tupu juu kote. Ni ile ile mafundi wanayotia ndani ya koti. Nyepesi, rahisi, fundi yeyote wa Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wa Lamu, anaijua, na inakauka kabla chai haijachemka. Inakata upepo wa kusi vizuri. Kasoro yake ni mvua: haizuii hata ya dakika tano. Tena usoni utaona unyevu kidogo ukijifunika gubigubi.

Cha tatu: kitambaa chenye utando, kama Gore-Tex. Najua wapo watakaonipinga. Utando huu ulitokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, alipoivuta plastiki iitwayo PTFE kwa kishindo ikajaa vitundu vidogo mno: mvuke unapita, tone la maji halipiti. Lakini mvuke hausukumwi na uchawi. Unatoka pale ambapo ndani kuna unyevu mwingi kuliko nje. Sasa hewa ya Lamu usiku, bahari ipo hatua kumi, nje kwenyewe kumeshiba. Ningekuwa napanda Mlima Kenya ningeuweka juu kabisa ya orodha. Hapa unalipa pesa nyingi kwa kazi nusu. Ukilipata koti lake kwenye mitumba kwa bei ya kawaida, ligeuze ndani kwanza: utando ukibanduka kama ngozi ya kitunguu, liache hapo hapo.

Cha nne: marekani, ile pamba ya tanga. Moyo wangu unaipenda, sitakuficha. Haidondoshi matone kwa sababu inayanywa. Tatizo ni kwamba asubuhi umebeba maji yote hayo begani, na ikishaingia chumvi ya bahari haikauki tena sawasawa, maana chumvi huvuta unyevu. Ifue kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi kila safari.

Cha mwisho: turubai na karatasi ya nailoni. Nimeshaeleza.

Dukani usimsikilize muuzaji anayeapa kwamba kitambaa "kinapumua". Kibane mdomoni upulize. Pumzi ikipita, kinafaa kuwa bitana yako. Chenye utando hakitapitisha pumzi, kwa hiyo omba kipande kidogo ukakijaribu nyumbani: kifunge juu ya bilauri ya maji ya moto, kisha inamisha bilauri nyingine baridi juu yake. Ya juu ikiingia ukungu, mvuke unapita. Ikibaki angavu, umeuziwa turubai lililovaa suti.

Kuhusu kipimo, wengi hukata mfuko mwembamba ili kubana pesa, kisha kitambaa kinawalalia mwilini na kila kilicholowa kinahamia kwenye shuka. Mimi nakata urefu wangu na kuongeza sentimita 40, na kichwani napitisha kijiti cha mwanzi kilichopindwa ili chandarua kisimame mbali na pua.

Halafu kuna dawa isiyouzwa. Lala chini ya mti. Matawi yanakukinga na ile mbingu tupu, kitambaa hakipoi sana, na umande unapungua wenyewe. Mvinje unafaa, mwembe unafaa zaidi. Mnazi hapana, tazama kwanza yaliyoning'inia juu.