Alaimenti (kuseti mkao wa tairi) Gerezani, Dar: fundi yuko vizuri, foleni ndo shida

Gari yangu, Toyota IST, ilikuwa inavuta kushoto halafu tairi za mbele zinalika upande wa ndani tu, nje kashata (yale meno ya tairi) bado zipo kabisa. Nikaipeleka kwenye ofisi moja pale Gerezani wanaotumia mashine ya kompyuta, na kwa kweli yule fundi anajua kazi.

Kwanza hakukimbilia mashine. Akapima upepo tairi zote, akapiga jeki, akashika tairi akaitikisa kushoto kulia, akanionyesha tairodi endi ya kulia (kiungo cha mwisho wa rodi inayogeuza tairi ukikata usukani) inacheza, akasema ukiseti hivihivi ni kutupa hela maana haitakaa. Wengine hapo wangekula hela yako fasta. Baada ya kufunga mpya akanyoosha usukani akaubana usizunguke, akalegeza nati na kuzungusha rodi za pande zote mbili kidogo kidogo huku anacheki kwenye skrini mpaka namba nyekundu zikawa kijani. Ukizungusha upande mmoja tu gari itanyooka ila usukani utakaa upogo, hiyo nilishafanyiwa kwingine.

Kasoro zipo. Foleni Jumamosi ni balaa na pa kukaa ni benchi moja juani, na karatasi ya vipimo hawakupi mpaka uidai, idai. Elfu 30 niliyolipa kwa alaimenti sio mbaya ila spea nunua mwenyewe maduka ya jirani, wao wanapandisha bei. Sasa hivi hata nikiachia usukani kidogo kwenye lami iliyonyooka gari inaenda tu.